Shajara ya "Nipo": mzuka, panga na gunia lisilo na macho

Juni 2

Skripti ya tatu ya filamu yetu ya kutisha, "Nipo", imekamilika, kurasa 61, na ugonjwa wake ni uleule. Tuna mzuka, tuna pia muuaji wa panga, na wawili hawa hawajuani. Nusu ya kwanza ni ya mzuka: mlango unajifunga, sauti inaita namba gizani, mtu amesimama mbali kwenye safu za mkonge na ukipepesa jicho hayupo. Nusu ya pili ni mbio na mapanga. Ukiisoma unaona kabisa mahali nilipochoka kutisha nikaanza kuchinja.

Dada wa kamera (ndiye mshika hela pia, kwa hiyo neno lake lina uzito mara mbili) ameirudisha na swali moja kwa kalamu nyekundu: "Kama anapita ukutani, panga la nini?"

Nikamjibu kwamba watu wanapenda panga. Alinitazama tu.

Hadithi yenyewe ni hii. Mafundi rangi watano wanapelekwa kukarabati nyumba ya meneja kwenye shamba la mkonge lililokufa, upande wa Pangani. Mwenye nyumba anataka iwe gesti. Wanalala humohumo ili kuokoa nauli. Usiku wa kwanza wanasikia mtu nje anaita namba, kama anayeita mahudhurio. Usiku wa pili mmoja wao anaitika kwa mzaha: "Nipo!" Asubuhi godoro lake ni tupu.

Namba zinatoka wapi? Mkonge si mmea wa huku. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakaja mashamba, na mashamba yakataka watu. Wenyeji wengi hawakuona sababu ya kuacha mihogo na minazi yao kwa ujira ule, basi wafanyakazi wakaletwa kutoka mbali: Kigoma, Songea, Burundi, Msumbiji. Mtu akiandikishwa anapewa namba, na namba ndiyo anayoitwa nayo. Ndiyo asili ya neno manamba. Kila mmoja alikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara ulisubiri kipande kijae. Babu yangu mzaa mama alikuwa nacho kimoja, kimekaa kwenye sanduku lake mpaka mchwa walipokimaliza.

Bajeti: shilingi 4,800,000. Watu 11, mimi nikiwemo. Usiku 9 wa kushuti. Chakula peke yake kimeshakula 1,350,000 kwenye karatasi, kabla hata moto haujawashwa.

Juni 10

Tumekwenda kuona nyumba kwa boda nne. Bati lina kutu, baraza ni pana, na ndani kuna korido moja ndefu, hatua 19 kutoka mlango wa mbele hadi jikoni. Dada wa kamera alisimama mlangoni, akaangalia mwisho wa ile korido muda mrefu, akasema, "Filamu iko hapa. Vyumba utanipa vya ziada."

Nje mkonge umeachwa ujiendee. Mmea huu unaishi miaka kama kumi hivi, kisha unasimamisha mlingoti mmoja mrefu kuliko nyumba, unachanua, unaangusha vichipukizi na kufa ukiwa umesimama. Usiku ile milingoti ni watu. Sihitaji kuongeza kitu.

Mwenyekiti wa kitongoji ametukubalia kwa masharti mawili: tusikanyage makaburi yaliyo nyuma ya korona ya zamani, na kila usiku wa kushuti tumpe taarifa mapema. (Korona, kwa asiyekulia huku, ni kiwanda cha kukamua majani ya mkonge hadi zibaki nyuzi. Neno lilikuwepo muda mrefu kabla ya ule ugonjwa.)

Jirani wa karibu ni bibi mmoja anayeishi na wajukuu. Nilimwamkia, akatupa mkeka, nikamweleza kwamba tunatengeneza filamu ya mzimu wa manamba.

"Mzimu?" akauliza. "Huo mzimu wenu nani anaupelekea sadaka?"

Sikumwelewa.

"Mzimu una wenyewe, mwanangu. Una ukoo, una mahali pake, unapelekewa chake. Waliokufa huku hawana ukoo huku. Huyo wako ni mzuka. Hana kwao, ndiyo maana anazurura."

Nikatoa kalamu nikaanza kubadilisha palepale kwenye mkeka. Vijana wa timu walicheka, maana kwao mzuka ni ile mori ya kufanya jambo. Bibi hakucheka. Tulipoaga akaongeza: "Na mkilala humo, ukiitwa usiku usiitike."

Mtoto gani wa pwani hajaambiwa hivyo? Nimeambiwa mara mia, nimeandika filamu nzima inayoitwa "Nipo", na bado sikuwa nimeona kwamba huo ndio uti wa mgongo wake. Nilikuwa nimeuweka kama kichekesho cha ukurasa wa 12.

Juni 18

Kibali kimetoka. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali kabla kamera haijawashwa, na maelezo ya filamu yaambatane na maombi. Kuandika "anakatwa shingo" kwa lugha ya barua rasmi ni sanaa ya peke yake.

Juni 25

Leo nataka kuandika polepole, maana jambo limetokea.

Tulikuwa tunajaribu mavazi ya muuaji. Barakoa ya mpira inauzwa bei ya chakula cha siku mbili, kwa hiyo nikaamua gunia la katani. Najua muuaji wa gunia ameshaonekana sinema za watu, lakini shambani kwa mkonge avae nini, plastiki? Anayecheza ni fundi makenika, mrefu, mikono kama mihimili. Nikatoboa matundu mawili ya macho. Katani ikishakatwa uzi mmoja inafumuka yote. Dakika kumi baadaye matundu yalikuwa yameungana, uso wake wote uko nje, anatabasamu.

Gunia la pili hatukulitoboa. Akalivaa ili nione tu linavyokaa begani.

"Sioni kitu humu," akasema.

Nikamwambia avumilie, napima urefu. Kichwa kikageuka kunielekea. Nikasogea upande wa dirisha nikasema neno jingine, kichwa kikafuata. Dada wa kamera alikuwa amesimama nyuma yake, kimya, na kwake hakugeuka kabisa. Kisha akakohoa. Lile gunia likazunguka taratibu likasimama usoni kwake, halina macho, halina mdomo, linapumua kidogo pale kwenye pua.

Hakuna aliyecheka. Dada akasema, "Usilitoboe."

Basi jibu la kalamu nyekundu hili hapa. Mzuka anaita, lakini hana mkono wa kushika. Muuaji ana mkono, lakini haoni. Anayeitika ndiye anayemwonyesha muuaji alipo. Mmoja ni mdomo, mwingine ni panga, na katikati yao kuna mtu aliyeambiwa na bibi yake asiitike akasahau. Nani yumo ndani ya gunia sisemi hapa.

Nimekaa mpaka alfajiri nikiandika upya. Kurasa zimeshuka kutoka 61 hadi 48. Vifo vimeshuka kutoka vinane hadi vinne. Mbio nimezitoa karibu zote, maana sasa mtu akikimbia anasikika. Watu wangu wanabana pumzi badala ya kukimbia, na kubana pumzi hakuna gharama.

Julai 3

Kwa kuwa makenika wetu haoni kweli, panga la chuma ni marufuku mikononi mwake. Seremala wa mtaani ametuchongea la msufi, mti mwepesi, tukalipaka rangi ya fedha na kulisugua masizi. La chuma litatumika kwa picha za karibu tu, likiwa limelala mezani.

Tatizo lililobaki: atatembeaje hatua 19 bila kugonga ukuta? Mpwa wangu, anayesaidia taa, ametoa wazo ambalo ningependa kusema ni langu. Tumelaza kamba ya katani sakafuni, katikati ya korido. Muuaji anatembea peku, anaitafuta kamba kwa unyayo, anaburuta mguu mmoja juu yake na kuuvuta wa pili. Ule mwendo! Hakuna mwalimu wa uigizaji ambaye angemfundisha. Na kamba yenyewe kwenye picha haionekani, tumeipaka udongo.

Julai 5

Damu. Njia ya kawaida ni sukari iliyochemshwa ikawa nzito, rangi nyekundu ya chakula, na kakao kidogo ili isipitishe mwanga kama sharubati. Tunahitaji lita 12, na rangi ya chakula vichupa vyake ni vidogo na hela yake si ndogo. Mama anayetupikia akasema, "Kwani rosela haina rangi?" Kilo mbili za rosela kavu, sukari, kakao, sufuria kubwa, saa moja na nusu jikoni. Imetoka nyekundu iliyokomaa, inatiririka kwa uvivu kabisa, na ina ladha nzuri. Hiyo ladha imeleta hasara. Maiti wetu wa kwanza alikuwa anajilamba kila nikisema kata.

Julai 9

Usiku wa kwanza ulikwenda vizuri mpaka nikapata kiburi. Usiku wa pili, yaani jana, nilisahau kumpa taarifa mwenyekiti.

Saa nne usiku. Binti anayecheza fundi wa pili ana sauti ambayo Mungu alimpa kwa ajili ya kazi hii. Akapiga ukelele wa kwanza, nikaomba wa pili, nikaomba wa tatu wenye uchungu zaidi. Kabla ya wa nne nikaona tochi nje ya dirisha. Si moja. Watu kama ishirini, na mapanga yao hayakuwa ya msufi.

Ndani ya korido walikuta binti amelala kwenye dimbwi jekundu, na juu yake mtu mrefu mwenye gunia kichwani, panga linadondosha. Hadithi za mumiani, watu wanaodaiwa kukamata wenzao na kuwatoa damu, zimekuwepo pwani hii tangu enzi za wakoloni. Sauti moja mlangoni ikasema hilohilo neno: "Mumiani!"

Na makenika, ambaye haoni, ambaye nilimfundisha wiki mbili afuate sauti, akageuza kichwa kuielekea.

Nilipiga kelele "Ni filamu! Ni filamu!" lakini aliyetuokoa ni maiti. Binti alinyanyuka kutoka kwenye damu yake, akajifunga khanga vizuri, akasema, "Shikamooni." Wazee wawili waliitikia marahaba kwa mazoea, na baada ya marahaba mtu hawezi tena kukukata.

Mwenyekiti alifika dakika chache baadaye. Alinisema mbele ya watu wote na kila neno nilistahili. Angeweza kuumia mtu, na angeumia huyu kijana niliyemfunga macho mwenyewe. Leo nimekwenda kwake na mpwa wangu kuomba radhi rasmi, tukapeleka kreti mbili za soda. Kuanzia sasa mjukuu mmoja wa bibi jirani anapita nyumba kwa nyumba kila jioni kutangaza saa tutakazopiga kelele. Saba kati ya waliokuja na mapanga wameomba kucheza. Nimewachukua wote.

Julai 12

Nyumba kwenye hadithi inapakwa chokaa, na sisi tulihitaji ukuta mweupe ili taa zetu chache zijirudie. Taa ni paneli mbili ndogo, taa za sola tatu, na taa ya boda boda iliyofunikwa kitambaa cheupe. Basi jana mchana tumepaka korido chokaa kweli. Usiku ilikuwa kifo cha tatu: damu inaruka ukutani, muuaji anapita, kamera inabaki kwenye ukuta.

Kamera ikabaki kwenye ukuta. Damu ikatua nyekundu. Mpwa akanigusa bega. Nyekundu ikaanza kuingia zambarau, kwanza pembeni, pale ilipokuwa nyembamba, kisha bluu ya wino, kisha kijani kilichochafuka kama maji ya mgomba. Haikufika dakika. Kwenye shati la maiti, hatua mbili kutoka pale, damu ileile ilikuwa bado nyekundu.

Nilitukana. Nilidhani sufuria limeharibika. Dada wa kamera, ambaye aliwahi kufundisha kemia sekondari kabla hajaharibikiwa na sisi, akacheka mpaka akakaa chini. Rangi ya rosela ni kipimo cha asidi. Penye asidi, kama ndimu, inazidi kuwa nyekundu. Ukiiweka kwenye besi, yaani kinyume cha asidi, inakimbilia bluu na kijani, na chokaa mbichi ni besi kali. Darasani watoto wanafanya jaribio hilo kwa maua.

Nikasema basi tuoshe ukuta, kesho tununue rangi ya chakula. Dada akasema, "Hukuelewa. Tazama tena." Akanirudishia picha kwenye kioo cha kamera. Damu ya mtu inaruka, inagusa nyumba, na nyumba inaigeuza kuwa kitu kingine. Mtu anakufa kwa panga la mtu, halafu ukuta unamchukua. Nimekuwa nikitafuta namna ya kuonyesha kwamba panga na mzuka ni kazi moja tangu Juni, nimejaza kurasa za mazungumzo, na jibu lilikuwa kwenye ndoo ya chokaa.

Kuanzia sasa tutapaka chokaa mpya kila alasiri, maana ikikaa siku nyingi inapoa na haigeuzi damu vizuri. Kurasa mbili za mazungumzo nimezifuta.

Julai 14

Mzuka mwenyewe. Kompyuta yetu ikifungua picha mbili kwa pamoja inazimika, kwa hiyo mzuka wa kompyuta tulishausahau. Tumetumia ujanja wa jukwaani ambao John Henry Pepper aliuonyesha London mwaka 1862, akiuboresha kutoka wazo la Henry Dircks. Unasimamisha kioo kisafi mbele ya kamera kwa mshazari, nyuzi 45. Kamera inaona korido kupitia kioo. Pembeni, nje ya picha, anasimama mtu mbele ya kitambaa cheusi. Akiwa gizani haonekani. Ukimmulika, taswira yake inadunda kwenye kioo na kuonekana amesimama ndani ya korido, na ukuta unaonekana kupitia mwilini mwake.

Kioo tumetoa kwenye kabati la vyombo la mama mpishi, kwa ahadi nzito. Mzuka anacheza mzee mmoja kati ya wale saba wa mapanga, mwembamba, mwenye kusimama vizuri. Hatuna kifaa cha kuongeza mwanga taratibu, basi mpwa alifunika taa kwa khanga mbili na kuzivuta moja moja, sentimeta kwa sentimeta. Mzee akaanza kujitokeza katikati ya korido kama ukungu unaoamua kuwa mtu. Nyuma yangu nilisikia mtu anasoma Ayatul Kursiy kwa sauti ya chini. Alikuwa makenika, gunia mkononi.

Kasoro mbili. Kwanza, umbali: mzee lazima awe mbali na kioo sawasawa na mahali anapotakiwa kuonekana nyuma yake, la sivyo anaelea. Tulipima kwa kamba. Pili, kifuani tumemwandika 417, na kioo kinageuza. Tumeshuti teki tano nzuri ndipo binti mmoja akauliza kwa nini mzuka amevaa namba kinyumenyume. Tukamwandika upya shati la pili, safari hii namba ikiandikwa nyuma mbele, na kila tulipomtazama mzee ana kwa ana ilionekana yeye ndiye aliyetoka upande wa pili wa kioo.

Julai 16

Mkonge unawasha. Utomvu wake ukigusa ngozi yenye jasho utajikuna mpaka asubuhi. Watu watatu wamelala na mafuta ya nazi mwili mzima. Hakuna kushuti leo.

Julai 19

Usiku wa mwisho tumeushuti saa sita mchana, kwa kuwa betri mbili zimekufa na jenereta la kukodi linanguruma kuliko mzuka. Jua linakuwa mgongoni mwa mtu, mbingu haiingii kwenye picha hata kidogo, mwanga unapunguzwa hadi robo, na mizania ya rangi inawekwa kama vile mko chini ya balbu ya njano, basi mchana unageuka bluu. Ukiangalia vivuli kwa makini utajua ni jua. Natumaini hutaangalia vivuli.

Baada ya hapo tukabaki watatu kurekodi sauti. Nilikuja na orodha ya kawaida: papai bichi la kuchomwa, miwa ya kuvunjwa, kitambaa kibichi cha kupigwa mezani. Papai limetoa sauti ya papai. Muwa ukatoa sauti ya mtu anakula muwa.

Bibi jirani alikuwa amesimama kwenye uzio anatutazama tunavyoua matunda. Akauliza tunatafuta nini. Nikamwambia, samahani bibi, sauti ya panga kuingia mwilini. Akamtuma mjukuu. Mtoto akarudi na jani moja la mkonge, la chini kabisa, nene kama mkono wangu, akaliweka juu ya gogo na kulikata kwa panga mara moja.

Ilikuwa ndiyo yenyewe. Ina mpasuko wa juu wa ngozi, ina unyevu katikati, na mwishoni kuna nyuzi zinazogoma sekunde moja kabla ya kuachia. Tumerekodi majani arobaini. Bibi akasema sauti hiyo ndiyo aliyokuwa akiamkia utotoni, safu nzima ya watu wanakata, alfajiri, kabla jua halijawa kali.

Nimeondoa picha zote tatu za panga likiingia mwilini. Filamu yote sasa ina sauti hiyo tu. Mwanzoni kabisa, kabla ya jina, utaisikia ikiwa ni kazi: watu hawaonekani, ni majani tu yanakatwa, moja baada ya jingine. Ukija kuisikia tena baada ya dakika ishirini, korido ni nyeusi na mtu amesema "Nipo".

Agosti 7

Uhariri. Saa 27 za picha, filamu itakuwa dakika 68 hivi. Katika jani la mkonge nyuzi ni kama asilimia 4 ya uzito, kilichobaki ni maji na makapi. Nimepiga hesabu yetu, tumelingana.

Sini ya makaburi haipo kwa sababu tuliahidi. Sini ya chai imebaki ndefu kuliko inavyopaswa kwa sababu naipenda, na Dada wa kamera ameacha kubishana nami juu yake, jambo linalonitia wasiwasi.

Agosti 16

Sauti ya mzuka haikubali. Tulirekodi kwanza kijana mwenye sauti nzito, tukaongeza mwangwi. Ikawa kondakta wa stendi anaita abiria wa Muheza. Tukapunguza mwangwi, ikawa muadhini. Tukamwambia anong'one, ikawa kichekesho.

Nimepanda boda hadi kwa bibi, nikamchezea kwenye simu. Akasikiliza zote tatu na kikombe mkononi.

"Nyapara hakupiga kelele," akasema. "Kwa nini apige kelele? Walikuwa wamesimama mbele yake. Wanagonga kipande cha reli, watu wanajipanga, anaita kama anayehesabu mbuzi. Macho yake yako kwenye daftari."

Nikamuuliza kama anaweza kuonyesha. Akaweka kikombe chini, akatazama mkeka, akaita namba sita mfululizo, bila uzito wowote, na baada ya kila moja akaacha nafasi ndogo ya mtu kuitika. Zile nafasi zilinisimamisha nywele. Namba ya nne alikaa kimya kidogo zaidi, kisha akaendelea.

Nilimwomba aruhusu tutumie sauti yake. Alikubali, ila namba ya nne niikate. Ilikuwa ya baba yake, aliyekuja kutoka Kigoma akiwa kijana na kuzikwa nyuma ya korona.

Agosti 23

Mwisho wa filamu umebadilika kwa mara ya mwisho, Dada wa kamera ameapa kunificha skripti. Kwenye skripti fundi aliyebaki anaokoka kwa kukaa kimya mpaka kunakucha. Ilikuwa sawa, ila ilikuwa ujanja tu. Sasa mzuka anaita namba, fundi haitiki, na kwenye ile nafasi ya kimya inasikika sauti nyingine, ya mwanamke, kutoka nje ya nyumba, inataja jina la mtu. Gunia linageukia huko. Halafu korido inabaki tupu.

Nilimpelekea bibi wazo hilo nikiwa tayari kukataliwa. Alifikiri siku tatu. Leo ameniita. Tulikaa barazani, simu nikaifunika soksi kuzuia upepo, nikamwambia, bibi, ukiwa tayari. Akavuta khanga kichwani, akatazama upande wa milingoti, akalitaja jina la baba yake lote, na la babu yake, na la kijiji.

Mara moja tu. Sikuomba teki ya pili.

Fedha zilizobaki 212,000. Kioo cha kabati kimerudi salama. Kwenye rekodi ya leo jogoo amewika katikati ya jina la babu, nimejaribu kumtoa na anaondoka na nusu ya jina. Tumemwacha.